Je, Wajua? Mwandishi, Tembre na Kashe

Je, wajua kwamba kuna postikadi ambazo tembre yake hubandikwa juu ya picha yenyewe, si nyuma kwenye anwani? Huitwa kadi maksimamu. Wafaransa ndio waliozipa jina hilo, na maana yake ni kupatana kwa kiwango cha juu kabisa: picha, tembre na kashe ya posta hukaa upande mmoja na kusema jambo moja. Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa huita stempu na muhuri. Mimi ni mtu wa Bunia, huku Ituri, mashariki mwa Kongo; nitasema tembre na kashe kama tunavyosema hapa.

Je, wajua kwamba kadi hizi zina sheria kuu tatu? Picha na tembre zimhusu mtu yuleyule. Kashe iwe ya mahali panapomhusu: alipozaliwa, alipoandikia, alipofia au alipozikwa. Na tarehe ya kashe iwe ndani ya muda ambao tembre hiyo bado inatumika, ikiwezekana karibu na siku ilipotolewa. Shirikisho la kimataifa la wakusanyaji wa tembre, lililoundwa mwaka 1926, lina daraja maalumu la mashindano kwa kadi hizi, na waamuzi wake hupima mpaka picha: lazima ichukue angalau asilimia 75 ya uso wa kadi. Tembre iwe moja. Tembre za kodi au za faini ya posta hazikubaliki.

Je, wajua kwamba picha ya kadi hairuhusiwi kuwa tembre ileile iliyokuzwa? Katika sheria zote, hii ndiyo niipendayo. Inamlazimisha mkusanyaji atafute sura nyingine ya mwandishi: picha ya studio, sanamu ya bustanini, nyumba yenye meza aliyoandikia. Mtu akitengeneza kadi 20 za waandishi kwa namna hiyo, amesoma maisha ya watu 20, apende asipende.

Je, wajua kwamba sheria ya mahali ndiyo inayowatoa jasho wanaokusanya kadi za waandishi? Tembre ya nchi moja haigongwi kashe na posta ya nchi nyingine. Mwandishi anaweza kuzaliwa huku, akaandika kule, akazikwa kwingine kabisa, na nchi iliyomweka kwenye tembre ikawa haina hata moja kati ya mahali hapo. Ndiyo maana mimi huisoma kila kadi kama swali lililoulizwa kwa herufi za duara: huyu ni wa wapi? Nimeliuliza swali hilo kuhusu waandishi waliopita Ituri na majirani zake, na majibu niliyopata yamejaza safu hii.

Je, wajua kwamba mtu wa kalamu aliyezikwa katika ardhi ya Ituri ana tembre yake? Ni Kanoni Apolo Kivebulaya. Mganda huyu alifika Mboga, kusini mwa Bunia katika teritwari ya Irumu, mwaka 1896, akavuka Semliki kwa ajili ya Injili. Alipigwa, akafungwa, akarudishwa Uganda, kisha akaja tena na kubaki. Aliingia msituni kwa Wambuti na kuitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, maana huko ndiko aliona kazi yake bado haijaisha. Mwaka 1977, Kanisa la Uganda lilipotimiza miaka 100, zilitolewa tembre za kuadhimisha, na moja ilikuwa na sura yake.

Sasa jaribu kumtengenezea kadi. Kaburi liko Kongo, tembre ni ya Uganda. Posta ya Bunia haiwezi kuigonga hata ukimpigia mhudumu magoti. Mpaka ulipopangwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, Mboga iliangukia upande wa Wabelgiji, na Apolo akawa mtu wa nchi mbili bila kuhama. Jibu langu ni kashe ya Fort Portal, mji wa Toro nchini Uganda, kwa sababu huko ndiko alikotumwa kwanza na ndiko alikokuwa akirudi. Kuna watakaosema mtafsiri si mwandishi. Mimi siwakubalii hata kidogo. Mtu anayekaa msituni akitafuta neno la kusema mbegu, mvuvi na msamaha katika lugha ambayo haijawahi kuandikwa kitabu, akalipata, anastahili jina hilo kuliko wengi wanaoitwa hivyo.

Je, wajua kwamba Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta? Alizaliwa Onalua, Sankuru, tarehe 2 Julai 1925. Mwaka 1947 alikwenda Léopoldville kusomea kazi ya posta, kisha akaajiriwa posta ya Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Wakati huo Ituri ilikuwa sehemu ya jimbo lililotawaliwa kutoka mji huohuo. Kati ya vitabu vya hesabu na mifuko ya barua, kijana yule aliandika makala mengi. Yalitoka katika magazeti ya wakati huo, likiwemo La Voix du Congolais, jarida lililohaririwa na mshairi Antoine-Roger Bolamba. Aliandika mashairi pia. Mwaka 1956 alikamatwa kwa mashtaka ya fedha za posta, akafungwa, na katika miezi hiyo ya 1956 na 1957 aliandika kitabu juu ya mustakabali wa Kongo. Kilichapishwa Brussels mwaka 1961, mwandishi akiwa tayari ameuawa tarehe 17 Januari.

Je, wajua kwamba mtu huyo aliyeshika tembre za wengine kwa miaka mingi aliwekwa kwenye tembre haraka mno? Umoja wa Kisovyeti ulitoa ya kwake mwaka uleule wa 1961. Ghana ikafuata mwaka 1962, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake. Na hapa sheria ya mahali inafanya jambo la ajabu. Tembre ya Kisovyeti inahitaji kashe ya Kisovyeti: basi ni Moscow, ambako Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipewa jina lake mwaka uleule wa 1961. Tembre ya Ghana inahitaji kashe ya Ghana: basi ni Accra, ambako alihudhuria Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mwezi Desemba 1958 na kurudi Léopoldville akiwa na sauti mpya. Kadi mbili, miji miwili, na kila mmoja una haki ya kusema alipita hapa. Kashe ambayo mimi ningeitamani kuliko zote ni ya posta ya Stanleyville, mahali alipokaa kitini kama karani. Ingegongwa kwenye dirisha lilelile alilokuwa akifungua asubuhi.

Je, wajua waandishi wengine waliokula mshahara wa posta? William Faulkner alikuwa mkuu wa posta ya Chuo Kikuu cha Mississippi kuanzia 1921 hadi 1924, akajiuzulu baada ya malalamiko kwamba anasoma na kuandika badala ya kuwahudumia watu. Marekani ilimtolea tembre tarehe 3 Agosti 1987, ikazinduliwa palepale Oxford, Mississippi, mji wake. Picha, tembre na kashe vilipatana bila jasho.

Mwingereza Anthony Trollope naye aliingia posta mwaka 1834 akiwa kijana wa miaka 19 na kuiacha mwaka 1867, riwaya zake zikiwa zimejaa rafu za maktaba. Masanduku ya barua ya Kiingereza ya kusimama barabarani, yale ya chuma, yalijaribiwa kwanza kisiwani Jersey mwaka 1852 kwa pendekezo lake.

Je, wajua kwamba tembre za kwanza za Marekani, za mwaka 1847, zilikuwa mbili tu, na mmoja wa watu waliochorwa, Benjamin Franklin, alikuwa mwandishi, mchapaji na mkuu wa posta kwa pamoja?

Je, wajua kwamba postikadi ilianzia Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, tena bila picha yoyote? Kwetu, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilianza kutoa tembre zake mwaka 1886. Sura iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Leopold mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Kwa sheria ya mahali, mfalme huyo asingepata kadi halali kutoka posta yoyote ya Kongo. Hilo lanipa faraja ndogo.

Je, wajua ni mwandishi gani aliyepewa tembre za Kongo ya Kibelgiji mwaka 1928, seti nzima, bei kwa bei? Henry Morton Stanley. Wakoloni walikuwa wakiadhimisha nusu karne ya safari yake ya kuvuka bara. Stanley alikuwa mwanahabari kabla ya kuwa mpelelezi, na vitabu vyake viliuzwa kwa wingi sana. Katika kadi ya Stanley, kashe kutoka Ituri ingekubalika na mwamuzi yeyote, maana kati ya 1887 na 1889 alipita msitu wetu mara kadhaa akimtafuta gavana Emin Pasha, hadi akafika Ziwa Albert. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Vijiji vilichomwa. Kadi yake inaweza kutimiza sheria zote tatu na bado ikaniwia nzito mkononi.

Hata hivyo, je, wajua kwamba sentensi moja ya Stanley ndiyo iliyoanzisha safari ya mnyama wa Ituri kuelekea kwenye tembre? Katika kitabu chake cha 1890 alitaja kwamba Wambuti walimjua mnyama anayefanana na punda, waliyemwita atti. Harry Johnston, kamishna maalumu wa Kiingereza kule Uganda, alisoma maneno hayo akayakumbuka. Akauliza watu wa msituni, akapata vipande vya ngozi yenye milia, akavituma London. Mwaka 1901 wataalamu walidhani kwanza ni jamaa ya pundamilia, wakampa jina la Johnston. Mwaka huohuo ngozi kamili na mafuvu yakaonyesha kwamba ni jamaa ya twiga. Ndiye okapi. Wambuti walikuwa wakimjua tangu enzi za mababu; Ulaya ilimjua kwa sababu mtu aliandika mstari mmoja na mwingine akausoma kwa makini.

Mwaka 1984 Zaire ilitoa tembre nne za okapi kwa ushirikiano na WWF, mfuko wa kimataifa wa kuhifadhi wanyama. Katika mradi huo ulioanza mwaka 1983, kila seti ya nchi ilitoka na kadi maksimamu zake, nne kwa tembre nne. Kwa hiyo katika albamu nyingi za Ulaya na Asia, Ituri imo kwa sura ya mnyama mwenye miguu ya milia na macho ya aibu. Kashe inayomfaa ni ya Mambasa, au ya Epulu kama ingekuwepo. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingia Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka mmoja baadaye ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapohapo Epulu aliishi kwa vipindi Colin Turnbull, mwandishi wa kitabu maarufu cha 1961 juu ya Wambuti. Alikaa nao, akaimba nao, akaandika kwa mapenzi makubwa, ingawa wasomi waliokuja baada yake wamemlaumu kwa kuufanya msitu uonekane kama peponi.

Je, wajua kwamba Kongo na Ubelgiji ziliwahi kutoa tembre ya pamoja ya kitabu cha katuni? Ilikuwa mwisho wa mwaka 2001, na kitabu ni Tintin kule Kongo, hadithi aliyoianza mchoraji Hergé mwaka 1930 na kuitoa kama kitabu mwaka 1931. Hergé hakuwahi kufika Kongo. Alichora kutokana na picha za makumbusho na masimulizi ya kikoloni. Mwaka 2007 raia wa Kongo alifungua kesi Brussels akitaka kitabu kizuiwe kwa ubaguzi wake. Mwaka 2012 mahakama ikakataa ombi hilo. Nimeishika tembre hiyo. Imechapwa vizuri, rangi zake safi. Lakini iwapo kashe inauliza mwandishi alikuwa wapi, jibu la Hergé ni Brussels, na Brussels tu. Kadi ya kitabu hicho yenye kashe ya Kinshasa naiona kama cheti cha kuzaliwa kilichojazwa na mtu ambaye hakuwepo.

Je, wajua kwamba mshindi wa Nobel alinusurika kifo mara mbili ndani ya siku mbili karibu na maji tunayoyaona sisi ya Ziwa Albert? Simama ufukweni Kasenyi au Tchomia utazame ng'ambo. Kaskazini zaidi, kwenye ufuko wa Uganda, iko Butiaba. Mwezi Januari 1954 Ernest Hemingway na mkewe Mary walipanda ndege ndogo Nairobi, zawadi ya Krismasi kwa mke, wakitaka kuiona Kongo kutoka angani. Karibu na maporomoko ya Murchison ndege iligonga waya wa zamani wa telegrafu, ikaanguka. Walilala porini. Kesho yake boti ikawachukua hadi Butiaba, na rubani mwingine akajitolea kuwarusha jioni hiyohiyo. Ndege ya pili ikawaka moto kabla ya kupaa. Hemingway aliusukuma mlango kwa kichwa hadi ukafunguka. Magazeti ya dunia yalikwisha kutangaza kifo chake, na alipopata nafuu alizisoma tanzia zake mwenyewe. Nobel ya fasihi alipewa mwaka huohuo, lakini majeraha ya Butiaba hayakumruhusu kwenda Stockholm kuipokea.

Tembre ya Marekani ya Hemingway, ya senti 25, ilitolewa tarehe 17 Julai 1989 mjini Key West, Florida, alikoishi miaka ya 1930. Nyuma ya sura yake mchoraji ameweka mbuga za Afrika. Kashe ni ya Key West, mandhari ni ya huku kwetu. Mwamuzi hatatoa alama yoyote kwa mandhari hayo. Mimi natoa.

Je, wajua kwamba Joseph Conrad alipanda Mto Kongo mwaka 1890 ndani ya meli ya mvuke hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, akarudi akiwa mgonjwa, na miaka tisa baadaye akaandika hadithi ambayo mpaka leo watu wanagombania maana yake? Poland ilimpa tembre mwaka 1957, miaka 100 tangu azaliwe. Ila Berdychiv, alikozaliwa, sasa imo Ukraine, na alikozikwa, Canterbury, imo Uingereza. Poland ikabaki na Kraków, mji alimoishi akiwa mtoto na alimozikwa baba yake. Kadi ya Conrad yenye kashe ya Kraków, basi, ni kadi ya yatima wa miaka 11 aliyefuata jeneza.

Georges Simenon alipita Kongo ya Kibelgiji mwaka 1932, akiingia kutoka Sudan upande wa Uele, majirani zetu wa kaskazini. Aliandika makala makali dhidi ya ukoloni aliouona, na baadaye riwaya. Ubelgiji, Ufaransa na Uswisi zilimtolea tembre kwa pamoja mwaka 1994. Ni mwandishi mwenye bahati: Liège alikozaliwa, Ufaransa alikoandika, Uswisi alikofia, kila nchi ina kashe yake halali.

Mwandishi Karen Blixen naye aliishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, kwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Denmark ikamweka kwenye tembre mwaka 1980. Kashe bora ni ya Rungsted, nyumbani kwao, alikozaliwa, akaandika na kuzikwa.

Je, wajua kwamba mtu wa Martinique aliandika tamthilia nzima juu ya karani wetu wa posta? Aimé Césaire alichapisha tamthilia yake ya Kongo mwaka 1966, Lumumba akiwa mhusika mkuu. Césaire alizaliwa Basse-Pointe mwaka 1913, akafariki Fort-de-France mwezi Aprili 2008, na Ufaransa ikamtolea tembre mwaka 2009. Kwa kuwa Martinique ni sehemu ya Ufaransa kisheria, tembre ya Paris inagongwa kashe ya Fort-de-France bila tatizo lolote. Rafiki yake Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal, alifariki Verson, kijiji cha Normandy, tarehe 20 Desemba 2001. Ufaransa ilitoa tembre yake mwaka mmoja baadaye. Mwenye tembre ya Ufaransa atafute kashe ya Verson. Mwenye tembre ya Senegal aende Joal, ufukweni alikozaliwa. Weka kadi hizo mbili ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa mmoja wa albamu, utaona maisha yake yote bila kuandika maelezo.

Je, wajua kwamba kuna miji iliyobadilisha jina kwa ajili ya mwandishi? Mwaka 1937, miaka 100 tangu kifo cha Pushkin, ambaye baba wa babu yake mzaa mama alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, mji aliosomea karibu na Leningrad ulipewa jina lake. Umoja wa Kisovyeti ukatoa na tembre. Jina la mwandishi kwenye tembre, na jina lilelile kwenye kashe! Kijiji cha Illiers nchini Ufaransa, ambacho Marcel Proust alikigeuza kuwa Combray katika riwaya yake, kilijiita Illiers-Combray mwaka 1971. Tembre ya Proust ilikuwa imetoka mwaka 1966. Waliogonga kashe mwaka huo walipata Illiers tupu.

Sisi Wakongo tunalijua jambo hilo vizuri kuliko Wafaransa. Mwandishi wetu V. Y. Mudimbe alizaliwa Jadotville mwaka 1941. Mji huo ni Likasi tangu 1966. Mwaka huohuo Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, kisha mwaka 1997 ikarudi kuwa Kongo. Ziwa letu la Albert likaitwa Mobutu kwa miaka kadhaa. Mwenye albamu ya kashe za Kongo hawezi kufuata alfabeti. Lazima afuate miaka.

Je, wajua kwamba kumbukumbu za maisha za mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kiswahili ziliandikwa na mtu aliyetawala Stanley Falls? Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyefanywa gavana wa eneo hilo na Leopold mwaka 1887. Maisha yake, yaliyochapishwa kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni somo la Kiswahili safi cha zamani na ni ushahidi mkali kwa wakati mmoja. Alifariki Zanzibar mwaka 1905, na nyumba yake ingali Mji Mkongwe. Njia za misafara kama yake ndizo zilizoleta lugha hii ninayoiandika mashariki mwa Kongo. Sipendi alichouza. Siwezi kujifanya kwamba kalamu yake haikuacha alama mdomoni mwangu.

Je, wajua kwamba unaweza kutengeneza kadi yako mwenyewe, bila dola nyingi? Anza na picha, si tembre. Tafuta postikadi ya mwandishi iliyochapwa zamani, kabla tembre haijatoka, maana hiyo ndiyo yenye heshima kubwa. Ukubwa wa kawaida hauzidi milimita 105 kwa 148. Bandika tembre pembeni mahali isipofunika uso wala mikono. Kisha mpe mhudumu wa posta kadi mkononi, wala usiiweke kwenye sanduku, na umwombe kwa upole agonge mara moja tu. Nusu ya kashe ikae kwenye tembre, nusu kwenye picha, jina la mji lisomeke. Wino mwingi huharibu zaidi ya wino mdogo. Niliwahi kupoteza kadi nzuri kwa pigo moja la kashe iliyojaa wino mpaka mwandishi akawa na doa jeusi mahali pa macho. Tangu siku hiyo huenda na kipande cha karatasi, nikaomba kashe ijaribiwe hapo kwanza.

Nyumbani, adui zake ni wawili: vumbi jekundu la Bunia mwezi wa Januari na unyevu wa mvua za Oktoba. Gundi usiitumie kamwe. Mifuko laini ya plastiki inayonuka hula wino, kwa hiyo heri bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Kadi zisimame wima kwenye boksi, zisilaliane. Na nyuma ya kila moja, kwa penseli laini, andika mwandishi ni nani, kashe ni ya wapi, na kwa nini hapo.

Nyuma ya postikadi yangu ya kanisa la Mboga nimeandika: Apolo Kivebulaya, Fort Portal, kwa sababu mpaka ulimpita juu. Mbele bado haina tembre.